Mieleka ya Royal Rumble: Nani Mtunzi?

Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili, zipo mada ambazo mwanafunzi akizitaja kwenye semina wenzake hutikisa vichwa kwa kuridhika, na zipo zile ambazo akizitaja watu huangua kicheko. Taja majigambo, nyiso au ngano za mazimwi, utasikilizwa. Taja mieleka ya kulipwa ya Marekani, utaulizwa kama umeishiwa na mada. Hii ni licha ya kwamba wengi wa wanaocheka walikua wakiitazama mieleka hiyo: kwenye runinga ya jirani, kwenye vibanda vya video, au kwenye kanda zilizopokezanwa hadi picha zikafifia. Hoja inayotolewa dhidi yake ni moja, nayo hutolewa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi: “Mambo yenyewe si ya kweli.”

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hoja hiyo, ijapokuwa ni sahihi, haifai kuufunga mjadala. Kwa mwanafasihi, hapo ndipo mjadala unapoanzia. Maadamu matokeo hupangwa, basi yupo anayeyapanga. Na penye mpango wa matukio, wahusika na hadhira, pana utunzi. Ili tusitawanye fikra, nitajifunga kwenye tukio moja tu, yaani shindano la kila mwaka liitwalo Royal Rumble. Swali nitakalolifuata katika historia yake ni hili: nani mtunzi wake? Rai yangu ni kwamba mtunzi si mwenye kampuni peke yake, wala si wanamieleka peke yao. Hadhira imekuwa ikitunga pamoja nao, na kwa sababu hiyo hadhira ina sehemu yake katika sifa na katika lawama.

Chimbuko na kanuni

Royal Rumble ya kwanza ilifanyika tarehe 24 Januari 1988 katika ukumbi wa Copps Coliseum, mjini Hamilton, jimbo la Ontario nchini Kanada. Aliyebuni mtindo wake ni Pat Patterson, mzaliwa wa Montreal, mwanamieleka wa zamani aliyekuwa msaidizi wa karibu wa Vince McMahon, mmiliki wa kampuni ya WWF, ambayo tangu mwaka 2002 inaitwa WWE. Kabla ya Patterson, pigano la wengi lilikuwa jambo la kale katika mieleka. Kundi zima la wanaume liliingia ulingoni kwa pamoja, kengele ikalia, nao wakatupana nje mpaka akabaki mmoja. Lilikuwa pigano la vurugu, na mtazamaji hakujua amtazame nani.

Patterson alibadilisha jambo moja, nalo ni wakati. Katika Royal Rumble wawili huanza pambano, kisha kila baada ya muda maalumu, aghalabu dakika moja na nusu au mbili, watazamaji huhesabu kurudi nyuma kutoka kumi, king'ora hulia na mshiriki mwingine hutokeza kwa mujibu wa nambari aliyoipata. Anayerushwa juu ya kamba ya juu kabisa, na miguu yake yote miwili ikagusa sakafu, ametoka. Anayebaki peke yake ndiye mshindi.

Mwaka huo wa kwanza washiriki walikuwa 20. Wa kwanza kukabiliana walikuwa Bret Hart na Tito Santana, na mshindi alikuwa Jim Duggan, jitu la ndevu lililozoea kuingia ulingoni na gogo la ubao mkononi. Mtu wa mwisho kutupwa nje alijulikana kwa jina la One Man Gang. Nia ya waandalizi haikuwa ya kisanaa tu. Onyesho hilo lilirushwa kwenye stesheni ya USA Network usiku uleule ambao kampuni pinzani ya Jim Crockett ilikuwa ikiuza onyesho lake kwa watazamaji wa kulipia. Kwa hiyo sanaa hii ilizaliwa sokoni, na haijawahi kutoka sokoni. Mwaka 1989 washiriki wakawa 30, na idadi hiyo imekuwa ada, isipokuwa mwaka 2011 walipokuwa 40. Kuanzia mwaka 1993 mshindi akaahidiwa nafasi ya kupigania ubingwa katika WrestleMania, tamasha kubwa kuliko yote ya kampuni hiyo. Tangu hapo Royal Rumble ikawa mlango wa msimu: hadithi ya miezi miwili au mitatu ijayo huanzia hapo.

Kuhusu kweli na uongo

Swali la iwapo mieleka hii ni ya kweli lilijibiwa zamani, na waliolijibu ni wenyewe. Mwaka 1989, wakitaka kuepuka kanuni na ada zilizotozwa michezo ya ushindani, wawakilishi wa kampuni ya McMahon walieleza mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani, wala si mashindano halisi. Iwapo lengo la mtazamaji lingekuwa kujua nani mwenye nguvu zaidi, ungamo hilo lingaliua biashara nzima. Kinyume chake, kumbi zilizidi kujaa. Mwaka 1997 Royal Rumble ilipelekwa katika uwanja wa Alamodome mjini San Antonio, na maelfu kwa maelfu wakahudhuria ilhali walijua wanachokwenda kukitazama.

Mhakiki Mfaransa Roland Barthes alikuwa ameliona jambo hili mapema zaidi. Katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, makala kuhusu mieleka yanashikilia kwamba mchezo huo ni onyesho, na kwamba mtazamaji wake hajishughulishi na iwapo pambano limepangwa. Anachotaka ni kuyaona mateso, hila, ushindi na haki vikiwa wazi, vikubwa, visivyofichika.

Sisi hatuhitaji kwenda Ufaransa ili kulielewa jambo hilo. Katika pwani yetu, wanaume wanapocheza kirumbizi hukabiliana kwa bakora, wakarushiana mapigo na kuyakinga kwa mdundo wa ngoma. Hakuna anayesimama kando akalalamika kwamba hakuna aliyevunjwa mbavu. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, na wanaume wa pande mbili hupigana kwa vipande vya migomba ili chuki za mwaka uliopita ziishe. Pigano hilo limepangwa kwa siku, kwa mahali na kwa silaha. Lakini mtu akiliita uongo, atakuwa hajaelewa alichokitazama. Sidai kwamba Royal Rumble na Mwaka Kogwa ni mtu na nduguye. Miviga ya Makunduchi ni ya jamii na haikuundwa ili kuuza tiketi. Ninachodai ni kwamba tunayo tayari maarifa ya kuutazama mchezo wa kupigana kama utendaji, na inashangaza kwamba tunayaweka kando mara tu wapiganaji wanapokuwa Wamarekani.

Isitoshe, katika “uongo” huo umo ukweli mmoja usioigizwa. Matokeo hupangwa, lakini sakafu haipangwi. Mtu wa kilo mia moja na ushee akirushwa juu ya kamba, huanguka kwa uzito wake wote.

Fomula na ufaraguzi

Mwanafunzi yeyote wa ngano anajua kwamba msimulizi hafungwi na fomula, anaitumia. Hadhira inajua kwamba sungura atamshinda fisi. Isichokijua ni kwa njia gani safari hii. Royal Rumble inafanya kazi vivyo hivyo. King'ora kinapolia, ukumbi mzima huitikia kama hadhira ya paukwa na pakawa. Kila mtu anajua kwamba mtu atatokeza; asichojua ni nani. Taharuki hii huundwa upya mara 28 katika pambano moja, na sidhani kuna aina nyingine ya drama inayoweza kuirudia hila ileile mara nyingi hivyo bila kuchosha.

Nambari nazo zina maana zake. Anayeingia wa kwanza au wa pili ni shujaa wa masaibu, kwani itambidi awapite wote. Mwaka 1992 mjini Albany, pambano lilipokuwa la kuamua bingwa mwenyewe kwa sababu ukanda ulikuwa hauna mwenyewe, Ric Flair aliingia wa tatu, akadumu kwa takriban saa nzima na kuutwaa. Mwaka 1995 Shawn Michaels alikuwa mtu wa kwanza kushinda baada ya kuingia nambari 1. Mwaka 2006 Rey Mysterio, mwanamieleka mwenye kimo kifupi kuliko karibu wote waliokuwamo, aliingia wa pili na kushinda baada ya zaidi ya dakika 62, akiutunuku ushindi huo kwa rafiki yake Eddie Guerrero aliyefariki Novemba 2005. Upande wa pili yupo anayeingia wa mwisho, nambari 30, mwenye bahati ya mtende. Ajabu ni kwamba hadi mwaka 2007, alipofaulu The Undertaker, hakuna aliyekuwa ameshinda kutoka nafasi hiyo. Watunzi walijua kuwa hadhira haimpendi anayevuna asichopanda.

Kanuni ya miguu miwili nayo imezaa ufaraguzi mkubwa kuliko zote. Mwaka 1994 Bret Hart na Lex Luger waliangushwa kwa pamoja, ikatangazwa kwamba miguu yao imegusa sakafu wakati mmoja, na washindi wakawa wawili. Mwaka uliofuata Michaels aliangushwa, lakini mguu mmoja tu ndio uliogusa chini. Mwingine ukabaki hewani, naye akarudi ulingoni na kushinda. Mwaka 1997 Steve Austin alitupwa nje na Bret Hart, waamuzi wakawa wametazama kwingine, akarudi kisirisiri na kuwa mshindi. Kisha akaja Kofi Kingston, ambaye mwaka 2012 alipotolewa nje aliangukia mikono badala ya miguu, akatembea kwa mikono hadi kwenye ngazi za ulingo, akarejea. Maandishi ya kanuni yalisema miguu, hayakutaja mikono. Sungura wa ngano zetu hafanyi vingine anapofasiri amri ya simba kwa herufi zake ili aiponyoke.

Pale mtunzi anapopokonywa kalamu

Hadi hapa msomaji anaweza kusema kwamba mtunzi anajulikana: ni McMahon na wasaidizi wake waliopanga nani aingie na nani atoke. Kweli, palikuwa na mwaka ambao mtunzi alijiandikia ushindi bila haya. Mwaka 1999 McMahon, mwenye kampuni, aliingia mwenyewe nambari 2 akiigiza tajiri dhalimu, na akamaliza akiwa mshindi wa Royal Rumble. Ilikuwa kejeli juu ya mamlaka yake mwenyewe, na ilikuwa pia mamlaka yenyewe.

Lakini hebu tuutazame mwaka 2005 mjini Fresno, California. Waliobaki walikuwa wawili, Batista na John Cena. Batista alipomwinua Cena, wote wawili wakapinduka juu ya kamba na kuanguka nje kwa wakati mmoja, jambo ambalo inasimuliwa kwamba halikuwa limepangwa. Waamuzi wakaanza kubishana. McMahon akatoka mbio kutoka nyuma ya pazia kuja kuinyosha hadithi yake, akajirusha ulingoni, na misuli ya mapaja yake yote mawili ikachanika. Akakaa kitako katikati ya ulingo, hawezi kusimama, akatoa amri akiwa ameketi. Pambano likaanzishwa upya na Batista akashinda. Hakuna mtunzi wa tamthilia aliyewahi kulipa gharama kama hiyo kwa ajili ya kurekebisha onyesho la mwisho, na hakuna mfano bora wa kueleza tofauti iliyopo baina ya matini iliyoandikwa na utendaji wake.

Ajali ni jambo moja. Uasi wa hadhira ni jambo jingine kabisa. Mwezi wa Januari 2014 mjini Pittsburgh, watazamaji walikuwa na mtu wao, Daniel Bryan, mwanamieleka wa kimo cha kawaida ambaye wakuu wa kampuni hawakumwona kuwa na sura ya bingwa. Bryan alikuwa ameshindwa katika pambano jingine usiku huohuo, lakini watu walitumaini kwamba angetokea katika Royal Rumble. King'ora cha 30 kilipolia, aliyetokea alikuwa Rey Mysterio, kipenzi cha watu kwa miaka mingi. Ukumbi ukamzomea. Hawakumzomea kwa kosa lake. Walimzomea kwa sababu hakuwa Bryan. Batista, ambaye kampuni ilikuwa imemrejesha kwa shangwe, alishinda huku akizomewa. Mshindi aliyeandikwa kuwa shujaa alisomwa na hadhira kuwa mwizi. Matokeo yake ni kwamba mpango ulibadilishwa. Bryan akaingizwa katika pambano kuu la WrestleMania, na tarehe 6 Aprili 2014 mjini New Orleans akatwaa ubingwa.

Waandalizi hawakujifunza haraka. Mwaka 2015 mjini Philadelphia, Bryan alitolewa mapema, na ushindi ukapewa Roman Reigns. The Rock, ambaye ni jamaa yake na mmoja wa watu wanaopendwa mno katika historia ya mchezo huu, aliletwa ili aunyanyue mkono wa mshindi. Watu wakawazomea wote wawili. Mwaka mmoja tu kabla, Reigns huyuhuyu alipobaki na Batista mwishoni, watazamaji walikuwa wamemshangilia. Mhusika hakuwa amebadilika. Kilichobadilika ni nafasi yake katika hadithi ambayo hadhira ilikuwa ikijitungia yenyewe.

Katika mihadhara yetu ya fasihi simulizi tunafundishwa kwamba hadhira hushiriki katika utungaji. Aghalabu tunaisema kauli hiyo kama sala, kisha tunakwenda maktabani kusoma ngano zilizokwisha kuchapishwa, zisizo na hadhira yoyote mbele yake. Pittsburgh na Philadelphia zinatupa ithibati inayoonekana na kusikika: hadhira ikimnyang'anya mtunzi hitimisho lake. Na kama anatokea wa kushuku uzito wa hadhira, aitazame Royal Rumble ya Januari 2021, iliyofanyika bila watu uwanjani kwa sababu ya janga la korona. Kampuni ilizungusha ulingo kwa skrini zenye nyuso za watazamaji waliokuwa majumbani, na ikaongeza sauti za shangwe kwa mitambo. Ingekuwa rahisi kupigana kimyakimya. Iliwabidi waiigize hadhira kwa sababu bila hadhira hakuna onyesho.

Nani anaruhusiwa ulingoni

Fauka ya hayo, kama hadhira ni mtunzi mwenza, basi haiwezi kunawa mikono pale hadithi inapokuwa chafu. Pigano la wengi lina historia nzito katika Marekani. Riwaya ya Ralph Ellison, Invisible Man, iliyotoka mwaka 1952, inatuonyesha mapema vijana weusi waliofungwa vitambaa machoni wakilazimishwa kupigana ovyo mbele ya wanaume weupe wenye hadhi mjini. Ellison hakuubuni mchezo huo. Ulikuwapo katika enzi ya ubaguzi. Waliotazama walitafuta kicheko, na waliopigana walilipwa kwa aibu.

Royal Rumble haikurithi ukatili huo, lakini imewahi kurithi macho yake. One Man Gang, yule Mmarekani mweupe aliyekuwa wa mwisho kutupwa nje mwaka 1988, alibadilishwa mwaka huohuo akawa “Akeem”, mtu wa ndoto ya Kiafrika, mwenye maleba ya rangi kali na ulimi wa kuwaigiza Wamarekani weusi. Kwa sura hiyo mpya akarudi katika Royal Rumble ya 1989. Mwaka 1991 akaingia Tony Atlas, Mmarekani mweusi, ambaye sasa alivishwa manyoya kichwani, akapewa mkuki na ngao na kuitwa “Saba Simba”. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuambiwa maneno hayo yametoka lugha gani. Wala hahitaji kuambiwa kwamba katika lugha hiyo idadi hufuata nomino, na kwamba simba saba ni kundi ilhali saba simba si kitu. Aliyelichagua jina hakutaka maana. Alitaka mlio wa Afrika, na Kiswahili chetu kikamfaa kama ngozi ya chui inavyowafaa wapambaji wa hoteli za watalii. Lugha yetu imewahi kuingia Royal Rumble, lakini iliingia kama pambo.

Linganisha na Kofi Kingston, yule wa kutembea kwa mikono. Huyu alizaliwa Ghana. Alipoanza kuonyeshwa na WWE mwaka 2008, alitambulishwa kuwa Mjamaika. Yaani kampuni iliyokuwa tayari kumfanya Mmarekani kuwa Mwafrika haikuona haja ya Mwafrika kuwa Mwafrika. Uigizaji huo wa Ujamaika uliachwa baada ya muda, na mwezi wa Aprili 2019 Kingston akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Hapo pia, shinikizo la watazamaji waliolitaja jina lake kwa wiki kadhaa lilikuwa na mchango mkubwa.

Wanawake nao walingoja nje kwa muda mrefu. Mwaka 1999 Chyna alikuwa mwanamke wa kwanza kushiriki, miongoni mwa wanaume. Ilipita miaka 19 zaidi kabla ya tarehe 28 Januari 2018, wanawake 30 walipopata Royal Rumble yao wenyewe mjini Philadelphia. Ndiyo iliyofunga usiku ule, na Asuka wa Japani akashinda. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2018, kampuni ileile iliandaa pambano la wanaume 50 mjini Jeddah, Saudia, na wanawake hawakuruhusiwa kupigana. Mwezi wa Oktoba 2019 wanawake wawili walipigana mjini Riyadh wakiwa wamefunikwa mwili, na Januari 2026 Royal Rumble ikafanyika mjini humo, mara yake ya kwanza nje ya Amerika Kaskazini, ikiwa na pambano la wanawake pia. Kila hatua ilisifiwa na waandalizi kuwa ya kihistoria. Ni kweli ilikuwa, lakini historia ya kufungua mlango ni lazima isimuliwe pamoja na jina la aliyekuwa ameufunga.

Doa lisilofutika

Nisingependa msomaji afikiri kwamba ninaipigia debe kampuni hii. Mwaka 2004 Chris Benoit aliingia nambari 1, akadumu zaidi ya saa moja na kushinda. Miaka mitatu baadaye, Juni 2007, alimuua mkewe na mwanawe mdogo kisha akajiua. Uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha madhara makubwa ya mapigo ya kichwa. Tangu wakati huo kampuni imekuwa ikikwepa kulitaja jina lake, na ushindi wake ni pengo katika hadithi inayosimuliwa. Naye McMahon, mtunzi mkuu kwa zaidi ya miongo mitatu, alijiuzulu tarehe 26 Januari 2024, mkesha wa Royal Rumble ya mwaka huo, baada ya aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni kumshtaki mahakamani kwa unyanyasaji wa kingono, tuhuma alizozikana.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yanatosha kuiondoa mieleka katika meza ya wasomi. Mimi naona yanatulazimu kuiweka mezani. Sanaa inayotumia miili ya watu kama wino haiwezi kuachiwa wauza tiketi na mashabiki peke yao. Inahitaji wahakiki, watu wanaoweza kushangilia ustadi wa Mysterio na papo hapo wakauliza nani analipa gharama ya kila anguko.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya Royal Rumble, tangu Hamilton 1988 hadi Riyadh 2026, ni mvutano wa pande tatu: mwenye kampuni anayepanga, fanani anayefaragua, na hadhira inayokubali au kukataa. Hakuna upande uliowahi kutunga peke yake.

Kwa idara zetu nina pendekezo dogo. Istilahi tulizo nazo, yaani fanani, hadhira, maleba, majigambo, fomula, ufaraguzi, zimenolewa kwa miongo mingi katika fasihi yetu, nazo zina makali ya kutosha kukata mbao nyingine. Tuwaruhusu wanafunzi wa uzamili wazitumie kwa mieleka, kwa vichekesho vya runinga, kwa mashindano ya nyimbo za shule, na kwa lolote lile ambalo umati hulitazama pamoja na kulijibu kwa sauti. Istilahi zikishindwa huko, tutajua upungufu wake na kuzirekebisha. Zikifaulu, tutakuwa tumethibitisha kwamba nadharia iliyofafanuliwa kwa Kiswahili inaweza kusoma ulimwengu, badala ya Kiswahili kuokotwa tu na ulimwengu pale unapohitaji jina la kumpachika mtu mwenye mkuki.